Kusikia Mapigo ya Shairi la Kiingereza: Mwongozo kwa Msomaji Aliyezoea Kuhesabu Mizani

Swali ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza huniletea mara kwa mara, na ambalo hata watunzi hodari wa tarbia na tenzi huuliza, ni hili: "Nimehesabu mizani ya shairi hili la Kiingereza nikapata 10 katika kila mshororo, mbona bado silisikii?" Wengine huja na lalamiko la kinyume: wamepata 10 hapa, 11 pale, 7 kwingine, wakahitimisha kwamba Waingereza hawana arudhi. Arudhi wanayo, tena kwa karne nyingi imekuwa kali, ila hawahesabu kile tulichozoea kuhesabu sisi. Mwongozo huu unakuongoza hatua kwa hatua hadi uweze kuchukua shairi la kimapokeo la Kiingereza, kuonyesha mapigo yake, na kueleza kwa nini mtunzi ameyavunja mahali fulani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kamusi ya Kiingereza inayoonyesha matamshi. Kamusi nyingi huweka alama ˈ juu, mbele ya silabi yenye mkazo mkuu, na alama ˌ chini, mbele ya silabi yenye mkazo wa pili. Alama hizi mbili ndizo utakazozitegemea kuliko kitu kingine chochote.
- Penseli na kifutio, kwa sababu utabadili uamuzi wako mara nyingi.
- Shairi fupi ulilolinakili kwa mkono wako, ukiacha nafasi juu ya kila mshororo ya kuandikia alama. Tumia mkwaju (/) kwa silabi nzito, yaani yenye mkazo, na x kwa silabi nyepesi.
- Rekodi ya mtu anayesoma shairi hilo. Katika LibriVox zipo rekodi za bure za mashairi mengi ya zamani, zilizosomwa na watu wa kujitolea.
- Mahali ambapo unaweza kusoma kwa sauti bila kuona haya. Kazi hii haifanyiki kimyakimya.

Nadharia kidogo tu, lakini usiiruke

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unahama nalo: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Maneno yanayokiuka kanuni hii ni machache, kama vile *barabara*, ambalo kwa maana ya njia hutamkwa ba-ra-BA-ra, na kwa maana ya sawasawa hutamkwa ba-RA-ba-ra. Kwa kuwa mkazo wetu unatabirika, mtunzi hana haja ya kuupanga. Anahesabu mizani, anapanga vina, na ubeti unasimama. Utenzi wa mizani 8 kwa kila kipande haukuulizi mkazo umeangukia silabi ya ngapi.

Kiingereza hakina kanuni ya namna hiyo. Mkazo unaweza kukaa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, na silabi zisizo na mkazo hufinywa hadi irabu zake karibu zinamezwa. Kwa hiyo mtunzi wa Kiingereza hupanga mambo mawili kwa pamoja: idadi ya silabi na mahali pa mikazo. Ukihesabu la kwanza ukaacha la pili, umelisikia nusu ya shairi.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha ugumu wote. Neno letu la silabi mbili huanza na uzito na kuishia na wepesi: MA-ma, SI-mba, NYU-mba. Mpigo uliozoeleka zaidi katika ushairi wa Kiingereza uko kinyume: wepesi kwanza, uzito baadaye, kama katika *a-BOUT* au *be-GIN*. Ulimi wetu haujalelewa katika mwendo huo, na ndiyo maana wasomaji wengi wa Kiswahili hushusha sauti mwishoni mwa mshororo wa Kiingereza, pale pale ambapo mtunzi alitaka uzito mkubwa uangukie.

Hatua ya 1: Chagua shairi linalofaa

Anza na shairi la kabla ya karne ya 20 lenye mishororo mifupi na vina. Mimi huwaanzishia wanafunzi ubeti wa Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, kutoka shairi lililochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1890, baada ya kifo chake:

*Because I could not stop for Death –*
*He kindly stopped for me –*
*The Carriage held but just Ourselves –*
*And Immortality.*

Tahadhari: usianze na shairi huru. Ukichukua *Leaves of Grass* ya Walt Whitman, iliyotoka mwaka 1855, utatafuta mpango wa mapigo usiokuwepo, kisha utadhani kosa ni lako.

Hatua ya 2: Soma kwa sauti kama unavyozungumza

Soma ubeti mara tatu kwa sauti ya kawaida, bila kuimba na bila kupiga meza, kisha sikiliza rekodi ukiwa umeshika nakala yako. Lengo la hatua hii ni kupata matamshi ya kawaida kabla hujaanza kutafuta mpango. Anayeanza na mpango hulazimisha maneno yaufuate, na hatimaye hutamka Kiingereza ambacho hakuna aliyewahi kukizungumza.

Hatua ya 3: Hesabu silabi kwa sikio, si kwa jicho

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo jicho letu limezoea kuhesabu. Katika Kiingereza jicho litakudanganya. Neno *stopped* lina herufi saba na silabi moja tu. *Stretched* lina herufi tisa, nalo ni silabi moja. Irabu *e* ya mwisho katika *love* au *compare* haihesabiwi kwa sababu haisikiki. Weka kiganja chini ya kidevu na useme neno polepole: kila kidevu kinaposhuka ni silabi.

Tahadhari ya kwanza ni ya konsonanti zilizofuatana. Sisi hupenda kuzitenganisha kwa irabu, na ushahidi umo katika maneno tuliyoyakopa: *brush* la silabi moja limekuwa *burashi* la silabi tatu. Ukitamka *stop* kama "sitopu", mshororo wa silabi 8 utakuwa na 10 na hesabu yote itaharibika. Tahadhari ya pili ni kwamba *m* na *n* zetu zinaweza kusimama zenyewe kama silabi mwanzoni mwa neno, kama katika *m-tu* na *n-chi*, lakini hilo halitokei mwanzoni mwa neno la Kiingereza.

Ukihesabu vizuri, ubeti wa Dickinson utakupa 8, 6, 8, 6.

Hatua ya 4: Weka mikazo ya maneno marefu kwa msaada wa kamusi

Chukua kila neno lenye silabi zaidi ya moja, lifungue katika kamusi, na uandike mkwaju juu ya silabi yenye mkazo. Usikisie. Katika ubeti wetu utapata be-CAUSE, KIND-ly, CAR-riage, our-SELVES, na im-mor-TAL-i-ty.

Angalia pia kazi ya neno katika sentensi. Yapo maneno ambayo mkazo wake huhama kulingana na aina yake: *PRES-ent* ni zawadi, lakini *pre-SENT* ni kitenzi cha kukabidhi, *REC-ord* ni kumbukumbu, lakini *re-CORD* ni kuiweka. Ukichukua mkazo wa nomino mahali palipo na kitenzi, mshororo mzima utapinda.

Hatua ya 5: Pima maneno ya silabi moja

Hapa kamusi haikusaidii, kwa sababu uzito wa neno fupi hutegemea majirani zake. Kwa kawaida nomino, vitenzi vikuu, vivumishi na vielezi huwa vizito: *stop*, *Death*, *held*. Maneno ya kuunganisha na kuelekeza huwa mepesi: *for*, *the*, *and*, *to*, *of*, na viwakilishi vingi kama *he* na *thee*. Weka alama za yale uliyo na hakika nayo, na yale yenye shaka uyaache wazi kwanza. Shaka hiyo itakufaa katika hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Tafuta mpango unaojirudia

Usiamue kwa mshororo mmoja. Tazama mishororo minne au sita kwa pamoja na ujiulize: mahali ambapo nina hakika, mikazo inaangukia silabi za ngapi? Katika ubeti wa Dickinson utaona inaangukia silabi ya 2, 4, 6 na 8. Ukishauona mpango, rudi kwenye maneno uliyoyaacha wazi uone yanakubali nafasi zao au yanakataa. (Kiwakilishi *I* nimekiandika kwa herufi ndogo hapa ili kisionekane kama silabi nzito.)

be-CAUSE | i COULD | not STOP | for DEATH
he KIND- | ly STOPPED | for ME

Tazama *could*. Katika mazungumzo ya kawaida ni neno jepesi, lakini hapa limekaa katika nafasi ya mkazo, nalo linaibeba nafasi hiyo kwa kuwa linazidi kidogo uzito wa *I* lililolitangulia. Hii ndiyo siri ambayo vitabu vingi vya shule huipita haraka: silabi hupimwa kwa jirani yake, haipimwi kwa kipimo kimoja cha lugha nzima. Neno dogo linaweza kupandishwa cheo likizungukwa na madogo zaidi.

Ukiwa na shaka juu ya ubeti huu, uimbe kwa mahadhi ya *Amazing Grace*, wimbo wa kanisani ambao maneno yake, ya John Newton, yalichapishwa mwaka 1779. Utaingia bila kubaki silabi, kwa kuwa mpango wa 8, 6, 8, 6 ni wa nyimbo nyingi za makanisa ya Kiprotestanti ya Kiingereza. Msomaji aliyekulia kwaya ana faida kubwa hapa.

Hatua ya 7: Kata miguu na uipe jina

Kikundi kimoja cha silabi nzito pamoja na nyepesi zake Waingereza hukiita mguu. Inatosha kuijua mitano:

- *Ayambi*: nyepesi, nzito (be-GIN). Ndiyo inayotawala ushairi wa Kiingereza.
- *Troki*: nzito, nyepesi (TI-ger). Huu ndio mwendo wa MA-ma na SI-mba.
- *Anapesti*: nyepesi mbili, kisha nzito.
- *Daktili*: nzito, kisha nyepesi mbili (MUR-mur-ing).
- *Spondi*: nzito mbili. Haijengi shairi zima. Hutumiwa kubadili mwendo mahali fulani.

Kisha hesabu miguu ya mshororo: mitatu ni trimita, minne tetramita, mitano pentamita, sita heksamita. Ubeti wa Dickinson hupokezana tetramita na trimita za ayambi. Shakespeare, katika soneti (shairi la mishororo 14) ya 18 iliyochapishwa mwaka 1609, anatumia pentamita ya ayambi:

shall I | com-PARE | thee TO | a SUM- | mer's DAY

Kwa anapesti, sikiliza mshororo wa Byron wa mwaka 1815 kuhusu jeshi la Waashuri, unaokwenda kama farasi anayetimua mbio:

and his CO- | horts were GLEAM- | ing in PUR- | ple and GOLD

Tahadhari: majina haya ni vyombo vya kazi tu. Nimesahihisha insha nyingi zinazosema "mshairi ametumia pentamita ya ayambi" na kuishia hapo. Kauli hiyo haina uzito kuliko kusema kwamba mtunzi wa utenzi ametumia mizani 8. Kazi yenyewe inaanza katika hatua inayofuata, na ningeomba uipe muda mrefu kuliko hatua zote zilizotangulia.

Hatua ya 8: Linganisha mpango na sauti halisi

Mpango wa mapigo, ambao tunaweza kuuita mita, ni kitu kimoja. Ridhimu, yaani jinsi mshororo unavyosikika mtu anapousoma kwa maana yake, ni kitu kingine. Mita husema silabi ya pili ni nzito na ya tatu ni nyepesi, basi. Ridhimu husema ni nzito kiasi gani, inafuatwa na kimya cha namna gani, na ulimi unapita kwa wepesi au unakwama. Mtunzi mzuri wa Kiingereza huishi katika nafasi iliyo kati ya viwili hivyo.

Mfano bora ninaoujua ni wa Alexander Pope, katika *An Essay on Criticism* ya mwaka 1711. Anataka kueleza kwamba sauti inapaswa kufanana na maana, na badala ya kueleza tu, anatenda:

*When Ajax strives some rock's vast weight to throw,*
*The line too labours, and the words move slow.*

Mita ya mishororo yote miwili ni pentamita ya ayambi, silabi 10 na nafasi 5 za mkazo. Lakini soma kwa sauti *some rock's vast weight*. Neno *vast* limekaa katika nafasi nyepesi, nalo ni kivumishi kizito. Limebanwa kati ya *rock's* na *weight*, na mdomo hauwezi kutoka kwenye *-cks* kuingia *v-*, kisha kutoka *-st* kuingia *w-*, bila kujikaza. Ajax, shujaa wa Wayunani, anainua jabali, na ulimi wa msomaji unalibeba pamoja naye. Mwishoni mwa mshororo wa pili, *words move slow* ni silabi tatu nzito mfululizo, na mwendo unapungua kweli. Hakuna hata silabi moja iliyoongezwa. Idadi ni ile ile 10. Anayehesabu mizani peke yake hataona chochote kilichotokea hapa.

Rudi sasa kwa Dickinson na usome mshororo wa nne:

and IM- | mor-TAL- | i-TY

Nafasi za mkazo ni tatu, lakini kamusi itakuonyesha kwamba mkazo mkuu ni mmoja tu, ule wa *-tal-*. Baada ya mishororo mitatu ya maneno mafupi, linakuja neno moja refu linalokaribia kuujaza mshororo peke yake, na silabi zake za mwisho zinafifia bila kugota. Neno lenyewe lina maana ya uzima usiokoma. Mtu anayesoma hapo kwa kupiga mapigo matatu sawa, kama anayetwanga kinu, amelipoteza shairi.

Kwa hiyo, ukishaweka alama zote, zungushia mahali ambapo sauti na mpango havikubaliani. Kisha jiulize swali moja tu: maana inafanya nini hapa? Katika soneti ile ya Shakespeare, mshororo wa tatu unaanza na *Rough winds*, silabi mbili nzito pale tulipotazamia nyepesi na nzito, na maneno yenyewe ni pepo kali. Sisemi kwamba kila badiliko lina sababu kama hiyo. Mengine yapo ili sikio lisichoke, na kuyabandika maana kubwa ni kosa sawa na kutoyaona.

Hatua ya 9: Weka mapumziko

Andika mistari miwili (||) mahali ambapo maana inakutaka upumzike ndani ya mshororo. Tarbia ina pumziko lake la kudumu kati ya ukwapi na utao, baada ya mizani 8. Katika pentamita pumziko huhama kila mara, na kuhama huko ni sehemu ya ridhimu. Tazama pia mwisho wa mshororo: kama maana haijakamilika, yaani mshororo ni mshata, usishushe sauti, pita taratibu hadi unaofuata.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Nimepata silabi 11 badala ya 10.* Tazama mwisho kwanza. Mshororo wa ayambi huruhusiwa kuongeza silabi moja nyepesi baada ya pigo la mwisho. Maneno maarufu ya Hamlet, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, *To be, or not to be, that is the question*, yana silabi 11, na ya ziada ni *-tion*. Ikiwa ziada haiko mwishoni, tafuta neno linaloweza kubanwa: *heaven* na *power* mara nyingi huhesabiwa kama silabi moja, na *every* kama mbili. Watunzi wa zamani waliandika *o'er* na *ne'er* kwa sababu hiyo hiyo.

*Nimepungukiwa silabi moja.* Chunguza kiambishi *-ed*. Katika mashairi ya zamani hutamkwa wakati mwingine kama silabi kamili, na wahariri huweka alama juu yake, *lovèd*, ili usome LOV-ed. Ikiwa shairi ni la troki, upungufu wa mwisho ni wa kawaida: silabi nyepesi ya mwisho hukatwa ili mshororo ufunge kwa uzito.

*Mpango wangu unafaa mshororo mmoja na kukataa mingine yote.* Umeanza na mshororo wenye mabadiliko. Mshororo wa kwanza wa shairi ni mwalimu mbaya, kwa sababu watunzi hupenda kuuvunja ili kukushtua. Anza na wa tatu au wa nne.

*Vina havisikiki kama vina.* Kina chetu ni silabi ya mwisho, nayo kwa kawaida haina mkazo. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu ya mwisho yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno: *day* na *May*, lakini pia *pleasure* na *measure*. Ukishusha sauti mwishoni, kina kinazama. Na ikiwa hakuna vina kabisa, huenda shairi halikukusudiwa kuwa navyo: sehemu kubwa ya tamthilia *Julius Caesar*, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, ni pentamita isiyo na vina.

*Mimi na mwenzangu tumeweka alama tofauti.* Mkitofautiana juu ya neno la silabi mbili au zaidi, mmoja wenu amekosea, na kamusi itaamua. Mkitofautiana juu ya neno la silabi moja, huenda nyote mko sahihi, kwa kuwa kila mmoja ameisoma maana kwa namna yake. Katika *that is the question*, mmoja huweza kuegemea *that* na mwingine *is*, na kila usomaji humfanya Hamlet awaze tofauti kidogo.

*Shairi linabadili mguu katikati.* Jaribu hili mwenyewe kwa shairi la William Blake, *The Tyger*, la mwaka 1794. Mishororo miwili ya kwanza, *Tyger Tyger, burning bright, / In the forests of the night*, ni troki za silabi 7, nzito mwanzoni na nzito mwishoni. Kisha ubeti unafungwa kwa *Could frame thy fearful symmetry?*, silabi 8 zinazoanza na wepesi: could FRAME | thy FEAR- | ful SYM- | me-TRY. Weka alama za mishororo yote minne ya ubeti huo, soma kwa sauti mara tano, na uandike kwa sentensi mbili kile kilichotokea kinywani mwako ulipofika *Could*.